Vazi la Bi Kimondo

Walikutana kwenye duka la vitambaa, wiki ya gwaride la mavazi, wakati mji mzima unagombea satini. Fundi alishika ncha moja ya jora jekundu, kijana mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa wino akashika ya pili.

"Kaka, achia. Nina wateja wanangoja."

"Na mimi ninaye Bi Kimondo, dada."

Fundi akacheka. Bi Kimondo alikuwa shujaa wa vitabu vya katuni vilivyosomwa na wakubwa kwa wadogo. Kila mwaka watu walijivika kama wahusika wa vitabu hivyo na kupita barabara kuu. Kumbe mchoraji wake ndiye huyu. Watu walimwita Wino.

Jora alilichukua Fundi, moyo akauchukua Wino. Gwaride lililofuata liliwakuta ni wapenzi.

"Umekula, kipenzi?" Wino alipiga simu kila mchana.

"Nimekula uzi. Ulivyo bahili, utaniletea nini?"

Siku moja akamletea mteja: mfamasia, mrefu, gauni la njano, kishimo kwenye shavu la kushoto. Ndiye aliyechaguliwa kuwa Bi Kimondo wa mwaka ule. Fundi akampima huku akitazama bango la Bi Kimondo ukutani. Shingo ileile. Kishimo kilekile.

Jioni akapiga simu. "Yule ni nani wako?"

"Tulikuwa pamoja zamani. Yakaisha."

"Yameisha, na uso wake umeubandika mji mzima? Mimi umenichora mara ngapi?"

"Sijakuchora."

"Haya, usiku mwema."

Tangu hapo Fundi hakupokea simu yake. Alishona vazi la mfamasia huku wivu ukimtafuna, na kiunoni akapunguza inchi nzima, akijua anachofanya.

Siku ya gwaride, zipu ilipasuka mbele ya jukwaa kuu. Watu wakaangua kicheko. Mfamasia akakimbilia kibanda cha Fundi, vazi kalishika kwa mikono miwili.

"Nililibana makusudi, dada," Fundi alisema, akishona bila kuinua macho. "Nisamehe."

"Nilihisi nilipolivaa." Mfamasia akashusha pumzi. "Mdogo wangu, unajua alianza kunichora lini? Nilipomwacha. Tulipokuwa pamoja hakunichora hata ukucha, alikuwa ananitazama tu. Yule huchora alichokipoteza."

Akarudi barabarani. Mlangoni akapishana na Wino, aliyevaa kama jambazi wa hadithi zake, madevu ya bandia yamekwenda upande.

"Bi Kimondo wako katoka sasa hivi," Fundi alisema.

"Nimekufuata wewe. Jana nilikaa mezani, mkono ukaanza kuchora macho yako. Nikaogopa, nikaichana ile karatasi."

Fundi akaweka sindano chini.

"Usinichore, Wino."

"Basi nikuoe."

"Unaniposa na hayo madevu?"

Akayavuta. Gundi ilimng'ang'ania mpaka machozi yakamtoka. Kidevu kikiwa chekundu kama pilipili, akauliza tena.

"Nimekubali," Fundi alisema, akimfuta machozi kwa kipande cha satini. "Lakini mwakani Bi Kimondo atavaa barakoa."