Tundu Kwenye Ukanda wa Kahawia

Novemba 1973, siku ya Jumatatu, mashine za tiketi za sumaku zilianza kazi katika kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Saint-Armel, Paris. Kibanda cha mtoboa tiketi kikapigiliwa mbao.

Alhamisi, jua likizama, Odile Marchandeau alishuka ngazi za kituo hicho mbio. Kaka yake Fernand, aliyetoboa tiketi kibandani humo tangu ujana, alikuwa amelazwa hospitalini tangu Septemba. Daktari alikuwa amepiga simu: awahi. Wageni mwisho wao saa moja.

Alipopita kibandani mkono ulinyooka wenyewe na tiketi yake ya njano, kwa mazoea ya kila msafiri wa mji ule.

Kwachu.

Mbele, mashine ikaitema.

"Ina tundu, mama," alisema Ginette, muuza tiketi. "Tena kwenye ukanda wa kahawia. Sumaku yenyewe ndiyo hiyo. Nani kakutobolea?"

"Si huyo wa kibandani!"

"Kile kilichopigiliwa mbao? Au umepitia baa kwanza?"

"Nipe nyingine, binti. Utani wako nitaucheka kesho."

Akaikumbatia tiketi mpya kifuani, asitazame upande ule. Harufu ikamfikia... tumbaku kali, koti la sufu lililoloa. Harufu aliyoijua. Mkono ukanyooka.

Kwachu.

"Niache nipite!" alipiga kelele.

"Songa basi, bibie," mtu akafoka kwenye foleni. "Wengine supu inapoa!"

Ya tatu aliing'ata kwa meno, mikono mfukoni.

Kwachu.

Kando ya mdomo wake. Chuma cha baridi kikamgusa shavu. Nyuma ya mbao mtu akanong'ona:

"Usiende huko, Odi. Nipo hapa."

Ginette alisikia. Hakutania tena. Alimfungulia mlango wa pembeni.

Odile alifika saa moja imeshapita, akakuta mlango wa hospitali umefungwa. Aligonga mpaka nesi akatoka.

"Pole, mama. Ametutoka sasa hivi. Jioni yote alikuwa akifumba na kufumbua mkono wa kulia... kama anayebana kitu."

Kando ya kitanda, nesi alikunjua ngumi ya Fernand. Vikadondoka vipande vitatu vya mviringo, vya njano, kila kimoja na mstari wa kahawia.

Odile alitoa tiketi zake, akazipanga juu ya blanketi. Nesi akaweka vipande juu ya matundu, kimoja kimoja.

Vilitoshea vyote vitatu.