Sayari ya Kiherehere

Kila Jumatano baada ya masomo, Kiherehere alipitia kazini kwa shangazi yake, mtaalamu wa picha za nyota. Jina hilo alibandikwa na wenzake, na kweli lilimfaa. Hata kiti alikikalia nusu.

Kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, shangazi alimpa picha sitini za nyota moja. Alitakiwa aziunganishe na kuondoa mng'ao wa nyota kwa kompyuta, ili kama kando yake kuna sayari, ionekane kama nukta.

Jumatano hii hakutulia kabisa. Maonyesho yalikuwa kesho, naye alishalitangazia darasa zima kwamba amepata sayari.

"Haya, tuone," shangazi akasema.

Kiherehere akamwonyesha nukta juu kushoto.

"Na ile ya chini kulia iko wapi?"

"Ipi, shangazi?"

"Niliyoitia mimi. Kabla ya kukupa picha, niliweka nukta ya bandia katika zote sitini, hafifu hata haionekani mpaka picha zote ziunganishwe. Ndivyo tunavyojipima hapa. Ukiiona ya bandia, ndipo tunapoamini na nyingine utakazoziona. Umetumia picha ngapi?"

Kusema sitini kulikuwa rahisi. Kiherehere aling'ata kucha, akaiacha, akaing'ata tena.

"Kumi na tisa," akasema. "Nyingine zilikuwa zinaifuta nukta yangu. Nikaziondoa."

"Zilikuwa mbovu?"

"Hapana. Niliitaka sayari tu."

Shangazi hakugomba. "Zirudishe."

Akazirudisha, miguu ikichezacheza chini ya meza. Kompyuta ilipomaliza, nukta yake ilikuwa imetoweka. Chini kulia palikuwa na doa dogo, lile la shangazi. Machozi yakamlengalenga.

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Kwa kosa kama hili, mimi nilichekwa na ofisi nzima, tena nilikuwa mtu mzima."

Kesho yake alibandika picha mbili ukutani. "Hii ina sayari niliyojitungia," akawaambia wenzake. "Hii haina, na ndiyo ya kweli. Doa hili la chini ni la bandia, alilitia shangazi ili kunipima." Walicheka sana. Kisha msichana mmoja akauliza nukta ya bandia hutiwaje, na maswali hayakukoma mpaka kengele ikalia.

Shangazi alikuwa amekaa nyuma muda wote. Walipobaki wawili, akamwambia, "Zile picha ulizozitupa ndizo zilizokuwa zinakuambia ukweli. Jibu lisilokupendeza nalo ni jibu, mwanangu. Lipokee."

Kiherehere akashusha pumzi, akavuta kiti, akakikalia chote.