Undugu wa Landrova na Sitroeni

Walikuwa wameshaiacha Kibondo nyuma yao mama Tunu alipoomba mara ya kwanza gari lisimame.

"Jikaze, shemeji," alisema Khatibu bila kugeuza shingo. "Tukisimama porini tutapata nini? Wakunga wako hospitali ya Kabanga."

Asmahani alikaa nyuma kwenye benchi la bati, kichwa cha mama yake, Tunu, kikiwa mapajani mwake. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Aliyeshika usukani alikuwa ami yake, mdogo wa baba yake. Baba mwenyewe alikuwa Ujiji akiuza vitenge. Kando ya ami alikaa fundi Havyarimana, aliyeomba lifti hadi Kasulu kutafuta vipuri.

Mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa ameombewa dua kwa miaka mingi. Asmahani alizaliwa kwa upasuaji pale Kabanga, na daktari alimwonya mama Tunu kwamba akishika mimba nyingine arudi mapema, asingoje uchungu. Lakini mvua ziliharibu barabara, maharage yakahitaji kuvunwa, leo ikawa kesho. Uchungu ukamkuta nyumbani.

Walipoanza kupanda kilima, harufu ya kuungua ikaingia ndani ya gari. Landrova ikawa nzito kama inavuta kisiki. Khatibu akakanyaga mafuta, injini ikalia, gari likatambaa.

"Breki zinashika," fundi alisema. "Zinashika zenyewe, bila kukanyagwa."

Asmahani alisikia neno breki, akainamisha uso.

Kila jioni yeye na Ndayikunda, binti wa fundi Havyarimana, walikuwa wakienda kuchota maji, na njiani walicheza mchezo walioubuni wenyewe. Waliuita undugu. Mmoja hutaja magari mawili ya zamani, na mwenzake aeleze yana undugu gani. Ukishindwa, unabeba ndoo za wote wawili. Asmahani aliokota habari zake kwa ami Khatibu, aliyewahi kuendesha magari ya kila namna. Ndayikunda alizipata kwa baba yake, aliyejifunza ufundi Bujumbura akiwa kijana, kabla ya kukimbilia huku.

"Pijo mia nne na nne na Ostini Kembriji?"

"Yalichorwa na nyumba moja ya Waitalia! Ndiyo maana yana mapezi yanayofanana huko nyuma. Haya, Landrova na Jipu la Wamarekani?"

"Landrova ya kwanza ya majaribio iliundwa juu ya chasisi ya Jipu. Hilo hata mtoto mchanga analijua."

Lakini Ndayikunda alikuwa na hazina kubwa zaidi. Nani angedhani kwamba Rolls-Royce, gari la wafalme, liliazima ujuzi wa Sitroeni ya Wafaransa ili lielee barabarani bila kutikisika? Asmahani alibeba ndoo kwa hilo. Akabeba kwa lingine, na lingine tena, mpaka wavulana wa mtaani wakaanza kumwita punda wa Ndayikunda.

Ijumaa iliyotangulia safari hii Ndayikunda alimkuta uani, boneti ya Landrova ikiwa wazi. Ami alikuwa amemwagiza Asmahani atazame kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yalikuwa yamepungua, chupa ya akiba ilikuwa tupu, na duka la Nurudini lilikuwa limefungwa kwa ajili ya sala.

"Wewe punda," Ndayikunda alicheka. "Landrova na Sitroeni?"

Asmahani hakujua. Alitazama ndoo mbili zilizokuwa zikimngoja ukutani, na ulimi ukamtangulia. "Breki! Ulisema mwenyewe Sitroeni inatumia mafuta yake ya kijani, siyo ya breki za kawaida. Basi na Landrova ni hivyo hivyo. Breki zao ni za ukoo mmoja. Ukikosa mafuta ya breki, unaitilia oili ya injini."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu. Ami kaniambia."

"Haya tia, tuone."

Angeweza kucheka na kusema alikuwa anatania. Badala yake alichukua galoni la oili akajaza kikopo. Siku ile gari lilitembea na kusimama vizuri kabisa. Ndayikunda akabeba ndoo zote mbili, wavulana wakamzomea yeye. Jioni ami alipouliza, "Umeongeza?" Asmahani alijibu, "Nimeongeza." Uongo haukuwemo katika neno hilo, au hivyo ndivyo alivyojifariji.

Sasa gari lilisimama lenyewe, katikati ya mlima, kabla hawajafika Makere. Moshi ulitoka kwenye magurudumu. Khatibu aliruka chini, akagusa gurudumu, akarudisha mkono haraka.

"Havyarimana! Juzi ulizikaza breki hizi wewe!"

"Nilizikaza, bwana Khatibu, na magurudumu yalizunguka kwa kidole. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo nikikuamini! Kumbe mnatuletea ufundi wa kambini. Mke wa kaka yangu akinifia humu, nakupeleka polisi leo hii. Ukawaeleze na hapa ulifikaje."

Fundi alikuwa ameshapata uraia, lakini mwaka ule wa 2013 wasio na vibali walikuwa wakisakwa mkoa mzima, na mtu mwenye lafudhi kama yake alikuwa akitembea ameinamisha kichwa. Alichukua spana, akajipenyeza chini ya gari, akalegeza breki gurudumu baada ya gurudumu. Wakasogea kidogo. Zikashika tena. Akaingia tena chini. Wakasogea. Zikashika.

"Mana yanje, Mungu wangu," fundi alinong'ona, jasho likimtiririka. "Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Nyuma, mama Tunu aliacha kulia. Asmahani alikuwa akitamani kilio kile kikome, na kilipokoma aliogopa kuliko mwanzo. Uso wa mama ulikuwa umepauka kama jivu. Nje, ami alikuwa amemshika fundi ukosi.

Asmahani alishuka.

"Ami, mwachie. Siyo yeye. Ni mimi. Kwenye kikopo nilitia oili ya injini."

"Nini?"

"Nilimwambia Ndayikunda kwamba Landrova na Sitroeni ni ndugu. Nilijitungia. Halafu nikatia."

Khatibu aliinua mkono kumpiga, lakini fundi alishapita katikati yao na kufungua boneti. Alichovya kidole, akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba.

"Oili," alisema. "Imezivimbisha raba zote za breki. Ningelegeza mpaka jua lizame, zisingeachia. Bwana Khatibu, nipe spana ndogo."

Alifungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kila gurudumu, mafuta yakaruka yakiwa ya moto na kumbabua viganja. Magurudumu yakaachia. "Sasa huna breki ya mguu hata moja," alimwambia Khatibu. "Gia ndogo tu. Breki ya mkono ya Landrova inashika shafti, siyo magurudumu, kwa hiyo iko salama. Mteremkoni mimi nitaishika."

Waliteremka hivyo, polepole, fundi akivuta breki ya mkono kwa viganja vilivyotoka malengelenge.

Walifika Kabanga jua likiwa limeinama. Wauguzi walimkimbiza mama Tunu ndani. Baadaye mmoja wao alitoka, akamwita Khatibu pembeni, na Asmahani alijua kwa namna ami alivyovua kofia yake. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Fundi alimkuta ameketi chini kwenye varanda, akaketi naye, viganja vimefungwa bandeji.

"Baba Ndayikunda," Asmahani aliuliza, "ningesema pale tuliposimama mara ya kwanza, angeishi?"

"Sijui, mwanangu."

"Daktari je?"

"Nimemwuliza. Naye hajui. Tulichelewa kuondoka nyumbani, hilo ni kosa la watu wazima. Na tulichelewa njiani." Akamgeukia. "Sikia. Mtu akikuuliza neno usilolijua, ukamwambia hujui, atakwenda kumwuliza mwingine. Ukimtungia jibu, umemfungia njia. Ataacha kuuliza. Ndiyo ubaya wa uongo mzuri, unawatosheleza watu. Leo umesema kweli, ikakuuma, lakini ndiyo iliyomfikisha mama yako hapa akiwa hai. Kesho iseme mapema zaidi."

Asmahani aliitikia kwa kichwa.

Mtoto alizikwa Kasulu kesho yake, baba yake akiwa amefika kutoka Ujiji. Mama Tunu alipona, lakini hakuzaa tena. Khatibu alimwomba radhi Havyarimana mbele ya watu, dukani kwa Nurudini. Fundi alipokea mkono wake, ila hakulitengeneza tena gari lake. Landrova iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu mwaka 2014. Ndayikunda alihamia kwa shangazi yake Kasulu kusoma sekondari, na mchezo wao ukaishia hapo. Asmahani alifaulu darasa la saba, akaanza kidato cha kwanza pale pale Kibondo mwaka 2015.