Laptopu Isiyomfukuza Baba

Zamani, jioni nyumbani kwa Mzee Maundu kule Wamunyu ilikuwa na sauti zake. Mzee alikuwa akisugua vinyago kwa msasa. Swii, swii, swii. Mkewe alikuwa akifuma vitambaa, na redio ikizungumza polepole juu ya kabati. Watoto wao, binti Kasyoki na mvulana Titus, walilala mkekani wakibishana kuhusu magari.

Magari yenyewe yalikuwa ya mti. Mzee aliwachongea kila mmoja lake. Jua likipungua ukali, watoto waliyashindanisha kwenye mteremko nyuma ya nyumba, na Mzee alikaa mlangoni mwa karakana akiwa mwamuzi. Gari la Titus lilipinduka kila siku kwenye kichuguu. Na Titus alikuwa mbishi, wacha tu! Aliliinua gari lake akataka kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo Mzee alipaza sauti: "Aliyepinduka aanze mwanzo!"

Hakuna aliyebishana na sauti hiyo.

Miaka imekwenda. Titus yuko Syokimau sasa, ana kazi ya ofisi, ana mke na watoto. Mama yao, ambaye walimwita Mwaitu kwa Kikamba, amefariki. Kasyoki ndiye amebaki nyumbani na baba yao.

Kasyoki anauza vinyago vya wachongaji wa Wamunyu kwa mtandao. Anavipiga picha, anazirekebisha picha kwenye laptopu, anawajibu wateja. Jioni, kazi ikiisha, anacheza gemu ya mbio za magari na Titus. Yeye yuko Wamunyu, Titus yuko Syokimau, lakini wanashindana katika barabara moja na kuongea wakicheza. Watu wazima hao! Na ubishi ni ule ule.

Taabu ilikuwa laptopu ya Kasyoki. Gemu ikianza tu, feni yake ilianza kulia. Vuuuuu!

"Kasyoki, kwani mmefungua mashine ya kusaga posho kwa nyumba?" Titus aliuliza jioni moja. "Sikusikii!"

"Nini?"

"Nasema sikusikii!"

Mzee Maundu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aliinama mbele ili asikie sauti ya mwanawe. Hakusikia kitu. Akainuka taratibu, akachukua fimbo yake.

"Naenda jikoni kuota moto," alisema.

"Nau, si ukae?" Kasyoki alimwambia. Nau ni baba kwa Kikamba.

"Nikae nifanye nini? Titus simsikii, wewe sikusikii, hata redio siisikii. Hiyo mashine yako inataka kuongea peke yake. Basi iongee."

Kesho yake alikwenda jikoni tena. Na kesho kutwa. Kasyoki alikitazama kile kiti kitupu akahisi uchungu. Mwaitu alikuwa ameondoka na hakuna wa kumrudisha. Sasa baba naye anaondoka sebuleni kidogo kidogo, na yu hai! Kasyoki aliogopa baba yake atazoea kukaa peke yake. Mzee yule akizoea kitu, kumtoa hapo ni kazi.

Akaamua kununua laptopu nyingine. Titus alimpa ushauri kwa simu, tena kwa maringo.

"Nunua ile kali kabisa. Nyembamba, yenye taa nyekundu kwa kibodi. Hiyo ndiyo ya gemu."

Bahati nzuri, kabla hajaenda dukani, jirani yao Mbithe alipita kununua kigoda. Mbithe anafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Mzee Maundu alikuwa akimwekea kigoda chake kwenye gunia.

"Wakya?" Mzee alimsalimu.

"Aa," Mbithe aliitikia kwa heshima. Kisha akageuka. "Kasyoki, ni nini inalia hivyo huko ndani?"

"Ni laptopu. Na sijafungua hata gemu!"

Waliingia sebuleni. Nyumba hiyo bado ilikuwa ya Mwaitu. Vitambaa vyake vilifunika viti, meza, kabati na redio. Laptopu ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe chenye maua, kile kizuri kuliko vyote. Mbithe aliinua laptopu akapitisha kiganja chini yake.

"Ui! Inachoma!" alisema. Kisha akakitazama kitambaa. Katikati kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. "Kasyoki, laptopu inapumulia huku chini. Hii kitambaa inaiziba pua. Na ona hapa kwa matundu: vumbi la mti. Nyinyi mnasugua vinyago hapo mlangoni, vumbi lote linaingia humu. Joto halina pa kutokea, na feni inajiua bure ikilisukuma."

Kasyoki alikigusa kitambaa. Macho yake yalijaa machozi.

"Hicho ndicho kitambaa cha mwisho Mwaitu alifuma," alisema. "Nilitaka kikae pahali pa heshima. Hapa ndipo mimi hukaa siku nzima."

Aliyejibu ni Mzee Maundu, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama yako alipenda kufunika vitu," alisema. "Alifunika redio mpaka ikawa inaongea kama mtu aliye na mafua. Nikiitoa kitambaa, anarudisha. Nikitoa, anarudisha." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kitoe, mwanangu. Hatakasirika."

Mbithe aliizima laptopu, akaifungua na kuitoa vumbi kwa brashi laini. Kasyoki alipoiwasha tena mezani, bila kitambaa, ilitulia. Kwa kujibu wateja ilifaa sasa. Lakini walipofungua gemu, muda si muda, vuuu ikarudi.

"Hii imechoka," Mbithe alisema. "Tena haikutengenezewa gemu. Umefikiria kununua gani?"

"Titus anasema ninunue nyembamba, ile kali kabisa."

"Ha! Titus anataka taa. Wewe unataka nini?"

Kasyoki alitazama kiti cha karibu na dirisha.

"Nataka Nau akae hapo."

"Basi nisikize," Mbithe alisema. "Laptopu ikifanya kazi nzito inapata joto. Gemu ni kazi nzito. Kuna sehemu ndani inaitwa kadi ya picha, hiyo ndiyo inachora yale magari yenu. Kadi ikiwa na nguvu nyingi, joto linakuwa jingi. Sasa ukiiweka kwa mwili mwembamba, feni zake ni ndogo. Lazima zizunguke mbio sana, na mbio ndiyo kelele. Tafuta nene kidogo, yenye feni mbili kubwa na matundu mapana. Feni kubwa inatoa joto bila haraka."

"Na nguvu?"

"Ya kadiri. Gemu yako ni ya magari tu, na picha zako ni za vinyago. Kadi ya katikati inatosha. Ya juu kabisa utakuwa unanunua joto. Kisha uliza diski yake. Chukua ile ya kisasa ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Hiyo hailii kabisa."

"Nitajuaje haina kelele? Si wote dukani watasema haina?"

"Utaisikiza mwenyewe. Lakini usiisikize ikiwa imewashwa sasa hivi. Laptopu iliyowashwa sasa hivi ni kama mgeni aliyefika sasa hivi, ina adabu. Ipe gemu, ingoje ipate joto, ndiyo utajua tabia yake." Mbithe akamgeukia Mzee. "Kwanza twende na Mzee."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?" Mzee alishangaa.

"Mzee, si wewe hugonga mti ukasikia kama kuna ufa ndani? Tunataka hilo sikio."

Mzee alijifanya hakusikia. Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa amevaa koti lake la kanisani kabla Kasyoki hajamaliza chai.

Duka walilokwenda Machakos mjini lilikuwa kando ya barabara. Duka jirani lilikuwa limetoa spika nje, na muziki ulitikisa vioo. Muuzaji aliwaletea laptopu nyembamba yenye taa nyekundu.

"Hii ni moto, mathe," alimwambia Kasyoki, kama vijana wa mjini wamwitavyo mama. "Na haina kelele hata kidogo. Sikiza!"

"Nitasikiaje na hiyo spika yenu?" Kasyoki alisema. "Hapa hata trekta haina kelele. Huna chumba cha nyuma?"

Muuzaji alicheka, akawapeleka stoo. Alikuwa mtu mzuri, alikubali kuweka gemu. Kasyoki alikaa mbele ya ile nyembamba na kuendesha gari la gemu. Mwanzoni ilikuwa kimya kabisa. Lakini baada ya muda ilianza kulia kwa sauti nyembamba, kali, kama mbu sikioni.

Mzee Maundu alitikisa kichwa. "Hii itanirudisha jikoni."

Wakajaribu nyingine, nyeusi, nene kidogo, haina taa wala maringo. Mbithe alimwonyesha Kasyoki namna ya kuchagua hali za feni: ya kimya, ya katikati na ya juu.

"Ukifanya kazi, iache hapa," alisema. "Ukicheza, weka hii ya katikati, usiende ile ya juu. Na kwenye gemu punguza kasi ya picha kidogo. Macho yako hayatajua, lakini feni itajua."

Walingoja mpaka ikapata joto. Feni zilisikika, ndiyo, kwa sababu hakuna laptopu ya gemu iliyo bubu. Lakini zilikuwa na sauti nzito ya chini, ya kupumua tu. Mzee alisogeza sikio karibu, akafumba macho kama alivyofanya akichagua gogo. Kasyoki alimtazama usoni.

"Hii naweza kukaa nayo," Mzee alisema.

Kasyoki aliuliza kuhusu waranti na kama anaweza kuirudisha ikiwa na kasoro. Alipojibiwa vizuri, akainunua.

Wiki hiyo Mzee alijifungia karakanani. Alitoka na kigoda kidogo cha mti wa muhugu, kifupi, chenye miguu minne na uwazi mkubwa katikati.

"Mwalimu alisema inapumulia chini," alisema. "Basi ipumue."

Kasyoki alitandika kitambaa cha Mwaitu mezani, akaweka kigoda juu yake, na laptopu juu ya kigoda. Hewa ilipita chini. Yale maua ya Mwaitu yakaonekana yote, na kazi ya kusugua vinyago ikahamia nyuma ya karakana.

Jioni hiyo alimwita Titus. Mbio zikaanza. Mzee alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai.

"Leo sisikii posho!" Titus alisema. Sauti yake ilijaa sebuleni kama yuko mkekani. "Sasa utanikoma! Ona hiyo kona! Ona... aiii!"

Gari la Titus lilipinduka mara tatu, likalala kando ya barabara.

"Hiyo si kuanguka," Titus alisema haraka. "Nimeteleza tu. Naendelea."

"Aliyepinduka aanze mwanzo!"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha karibu na dirisha. Kasyoki aliacha kucheza.

"Nau?" Titus aliita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nau, uko hapo?"

"Niko hapa. Siku zote nimekuwa hapa, ni kelele zenu tu. Na nimesikia umepinduka."

Titus hakubisha. Yeye, mtu wa ofisi, mwenye mke na watoto, alirudisha gari lake mwanzo.