Mzazi Anayetwanga

Mkaja-hisi ulifungwa tumboni kama mikaja yote ambayo wazazi wa delta ya Rufiji hufungwa baada ya kujifungua, ila nyuzi zake zilisikiliza damu. Shinikizo likipanda, uliita Kipungu, chombo kisicho na rubani, kikaruka juu ya mikoko na kumfikisha mzazi hospitali kabla uji wake haujapoa. Tangu mradi uanze, delta nzima haikuwa imemzika mzazi hata mmoja. Wakubwa wa mradi walikuwa wakipongezana.

Hidaya Ngwele, mhandisi aliyeubuni, hakuwa mwepesi wa kuamini habari njema. Asubuhi ile macho yake yaliganda kwenye mapigo ya moyo ya Siwema wa kijiji cha Nyamsale, aliyejifungua juzi.

"Mashine inasema hajambo," alisema Kiluvia, mwenzake. "Unataka nini tena?"

"Tazama yanavyopanda na kushuka. Huyu anatwanga."

"Basi ana nguvu. Heri yake!"

"Mzazi wa juzi, Kiluvia? Mama mkwe yuko wapi? Kule mzazi hashiki hata ufagio mpaka arobaini ipite."

Akili mnemba iliujua moyo mzima unavyopiga, lakini hakuna aliyeifundisha arobaini. Hidaya akapanda Kipungu mwenyewe.

Uani kwa kina Siwema alimkuta mwanamke kijana ameshika mchi, mkaja-hisi umemkaa kiunoni. Alikuwa Mwajabu, wifi yake Siwema.

"Mzazi yuko wapi?"

"Kalala, dada. Hajambo."

Hidaya hakungoja kukaribishwa. Ndani, Siwema alikuwa amevimba uso, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, na kichanga kiko kifuani. Kifafa cha mimba humfuata mama hata baada ya kujifungua, na hiki kilikuwa kinabisha hodi. Hidaya aliogopa.

"Kwa nini umeuvaa wewe?"

Mwajabu alimkazia macho. "Kwa sababu hilo dege lenu linambeba mama peke yake. Mwaka jana lilimchukua jirani yetu. Kichanga kikabaki kinalia, tukakinywesha maji ya mchele. Mama karudi mzima, mtoto tumemzika. Hamkusikia?"

Hawakusikia. Mkaja ulihesabu wazazi tu. Na kiti cha pili cha Kipungu alikuwa amekiondoa Hidaya mwenyewe, ili betri ifike mbali. Aliona aibu.

Wakamkokota Siwema hadi kwenye chombo, mtoto mikononi mwake.

"Abiria mmoja tu," Kipungu kilisema.

"Sheria hiyo niliiweka mimi. Nimeifuta. Ruka!"

Kiliondoka kizito, kikiparaza vilele vya mikoko. Wanawake wale wawili walibaki uani hadi ujumbe ulipoingia: wamefika wote, mama ameshachomwa sindano. Mwajabu akakaa chini, akalia.

Hidaya alifungua kishikwambi chake. Kilionyesha wazazi wote wa delta hawajambo, mapigo yao yametulia.

"Mwajabu, ni nyinyi tu mnaovaliana mikaja?"

"Sisi? Sisi tulifundishwa na wa ng'ambo ya mto."

Hidaya alipiga simu kwa mzazi wa kwanza kwenye orodha. Mwanamume akapokea.

"Mzazi hajambo kabisa," alisema.

"Napenda nimsikie mwenyewe. Mpe simu."

Mwanamume akakata simu.