Kuku Waliofichwa Bafuni

Insaf alifuga kuku juu ya paa la nyumba yake, kama wanawake wengi wa kijiji chao huko Minufiya, Misri. Kila asubuhi aliwapandishia maji na makombo ya mkate. Mayai yalikuwa chakula cha nyumbani, na akija mgeni alichinja kuku mmoja.

Binti yake Hanadi, mwenye miaka tisa, alikuwa na kuku wake mweupe aliyemwita Fulla. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga. Baridi ilipozidi, alimlaza ndani ya blanketi lake. Insaf alicheka tu.

Majira ya baridi yale mafua ya ndege yaliingia kijijini. Watu wa idara ya mifugo walipita nyumba kwa nyumba, na palipokuwa na ugonjwa waliua kuku wote. Insaf aliwafungia wake bafuni, akawaambia hafugi.

Baada ya siku chache kuku wawili walikufa ghafla. Fulla naye akazubaa, kichwa kikavimba. Insaf akatwaa kisu amchinje kabla hajafa, nyama isipotee. Hanadi alilia na kumsihi mama yake amwache. Alipoona hasikilizwi, alifuta machozi.

"Basi nimshike mimi," alisema. "Akishikwa na mwingine ataogopa."

Akamshika mpaka mwisho. Kisha mama na mwana wakaketi kumnyonyoa. Supu ilipoiva, watu wote wa nyumbani walikunywa isipokuwa Hanadi.

Haikupita wiki, Hanadi akashikwa na homa kali na kikohozi. Insaf alimpeleka zahanati. Daktari akauliza kama nyumbani kuna kuku au bata.

"Hatufugi, daktari," Insaf alijibu.

Hanadi alimtazama mama yake. Wakapewa dawa ya mafua ya kawaida, wakarudi.

Siku ya nne mtoto alikuwa akihema kwa shida. Ndipo jirani yao Bi Rawhiya, mhudumu wa afya wa kijiji, alipokuja kumjulia hali. Alimgusa paji la uso, akageuka.

"Mama Hanadi, sikuja kukushitaki. Mna kuku?"

Insaf aliinamisha kichwa. Sauti ndogo ikatoka kitandani: "Tulimchinja Fulla. Alikuwa mgonjwa."

Gari lilitafutwa saa ileile. Hospitalini alipewa dawa yenyewe ya mafua ya ndege, lakini mapafu yalikuwa yameharibika. Hanadi alifariki Ijumaa.

Matanga yalipokwisha, Insaf alimwuliza Bi Rawhiya jambo lililokuwa likimkaba.

"Sote tulikula yule kuku. Yeye peke yake hakuonja. Kwa nini yeye?"

Bi Rawhiya alimsogelea.

"Nyama ikiiva sawasawa, virusi hufa. Hatari iko kwa ndege mwenyewe: kinyesi chake, makamasi yake, damu, manyoya. Mtoto alilala naye, akamshika akichinjwa, akamnyonyoa. Kuku mgonjwa hachinjwi wala haguswi. Akifa hatupwi mferejini. Mnawatenga watoto, mnatoa taarifa. Na mtu akipata homa, daktari aambiwe siku hiyohiyo kwamba mna ndege. Dawa ipo, ila inataka kuwahiwa."

"Daktari aliniuliza," Insaf alisema.

"Najua."

Kuku waliobaki walichukuliwa. Insaf hakufuga tena.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, alimwona jirani yake Karima akibeba gunia kuelekea mferejini. Miguu ya bata ilichomoza mdomoni mwa gunia. Mkwe wake Karima, mke wa mwanawe, alikuwa barazani, amejifunika shuka, anakohoa. Insaf alimfuata Karima, akamweleza yote aliyoambiwa.

"Nyamaza, Mama Hanadi," Karima alisema. "Kuku wangu ndio chakula cha wajukuu zangu. Kwako hakuna cha kupoteza tena."

Insaf aligeuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Rawhiya.

Jioni ile mkwe alipelekwa hospitali, na safari hii daktari aliambiwa ukweli tangu mlangoni. Alipewa dawa mapema. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini anatembea mwenyewe. Kuku na bata wote wa Karima waliuawa, na nyumba kadhaa za jirani vilevile. Hakuna mwingine aliyeugua.

Tangu siku hiyo Karima hamsemeshi. Insaf humsalimia kila asubuhi, naye hupita kama hajasikia. Ng'ambo ya ukuta mkwe yule huwaimbia wanawe wakati akianika nguo. Insaf husikiliza kidogo, halafu huingia ndani, akafunga mlango.