Namba ya Mayu Ng'washi

Jumanne ile Malimi alifika kazini saa mbili asubuhi, akanywa chai ya maziwa kwa vitumbua viwili, akafungua kompyuta. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo mjini Bariadi. Humo alikuwa anatengeneza programu ya kutambua macho yanayougua. Muuguzi Evalina alikuwa amezunguka vijijini na kupiga picha mia mbili na kumi na mbili za macho ya bibi wanaopikia samadi kavu. Kazi ya Malimi ilikuwa kuifundisha kompyuta itofautishe wekundu wa moshi na wekundu wa ugonjwa.

Kazi njema sana. Aliyeifanya hakuwa mwema, na heri niseme mapema, maana sitamlilia.

Miaka kumi na minne nyuma, kwao Sapiwi, Malimi alifeli kidato cha nne. Badala ya kujilaumu mwenyewe akaenda kwa mganga. Mganga akamuuliza, jirani yako mwenye macho mekundu ni nani? Akamtaja Mayu Ng'washi, mjane asiye na mtoto, aliyemlisha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, tangu utotoni. Macho ya mama yule yalikuwa mekundu kwa moshi tu, kama ya kila bibi asiye na wa kumtafutia kuni. Wiki haikuisha mama yule akakatwa mapanga ndani ya nyumba yake, kwa kuitwa mchawi. Polisi walipokuja, kijiji kizima hakikujua kitu. Malimi alirudia mtihani, akafaulu, akasahau.

Sasa, kompyuta haioni jicho. Inaona safu za namba. Katikati ya programu ya Malimi kulikuwa na kanuni ya mstari mmoja: namba iliyo juu ya sifuri ipite kama ilivyo, iliyo chini ya sifuri igeuzwe sifuri. Kisicho na faida kinanyamazishwa, kazi inaendelea. Alikuwa anaipenda kanuni hiyo kuliko zote. Asubuhi ile aliipitisha kwenye safu nzima, kisha akaiita safu kwenye kioo cha kompyuta aitazame.

Namba hasi zilijaa tele. Akajicheka. Lilikuwa kosa la mwanafunzi, maana kanuni ile haigusi safu ya zamani, inatoa safu mpya, naye alikuwa ameita ya zamani. Akarekebisha, akaita mpya.

Hasi zote zilikuwa zimegeuka sifuri. Isipokuwa moja, mwisho kabisa. Hasi kumi na nne.

Akarudia. Ipo. Akaifuta kanuni, akaiandika upya herufi kwa herufi. Bado ipo. Akatafuta namba ile imetoka kwenye picha gani.

"Evalina, hii ya mia mbili na kumi na tatu umeipiga wapi?"

"Nilipiga mia mbili na kumi na mbili," Evalina alisema. Akasogea, akainama kwenye kioo. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anatazama mbele. "Mimi huyu simjui. Ana nini shingoni?"

Malimi alimtambua mara moja. Mayu Ng'washi hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote.

Akaifuta. Akaendesha programu tena. Sasa hasi zilikuwa mbili, zimekaa sambamba.

"Nani anapika?" Evalina aliuliza kwa sauti ya chini.

Chumba hakikuwa na jiko. Kilinuka moshi wa samadi.

Macho ya Malimi yakaanza kuwasha. Evalina akamgeuzia kamera, akampiga picha, akaipitisha kwenye programu bila kuihifadhi. Macho kwenye picha yalikuwa mekundu mpaka pembeni. Programu ikatoa jibu: hakuna ugonjwa. Alipewa dawa ya matone hospitali, haikusaidia. Kufika Ijumaa watu sokoni walikuwa wanampisha njia.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Jumamosi mchana Malimi alipanda bodaboda hadi Sapiwi, akapige magoti kwenye kiwanja cha Mayu Ng'washi aombe msamaha. Alipitia kwanza kwa mama yake, Monika.

"Mwadila, mayu," alisalimia.

Mama alimtazama macho, akamvuta ndani, akafunga mlango.

"Ng'ombe watatu wa Jilala wamekufa tangu Jumanne," alinong'ona. "Wanaume wameenda kwa mganga. Ameshawauliza jirani mwenye macho mekundu ni nani. Waliokuona sokoni wamekutaja wewe."

"Nilikuwa mjini, mama. Sijagusa ng'ombe wa mtu."

"Ng'washi naye hakugusa mtihani wako."

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo alijua.

Malimi akaketi chini. Akaogopa kweli, kwa kuwa alijua kinachofuata. Alikijua hatua kwa hatua. Nje kulikuwa na jua kali. Sauti za wanaume zilikaribia, halafu zikanyamaza, zote kwa pamoja. Mama akachungulia dirishani. Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu.

Alipogeuka, ndani pia hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa bado na komeo.

Malimi alitafutwa mabondeni na visimani mpaka watu wakachoka. Jilala na wenzake waliapa kwamba siku ile hawakufika. Walirudi njiani, walisema, baada ya kupishana na bibi mmoja aliyebeba kikapu cha samadi. Waliposalimia, hakuitika.

Jumatatu Evalina aliwasha kompyuta peke yake. Aliendesha programu, ikaenda vizuri. Hasi hazikuwepo tena. Akahesabu picha, zikawa mia mbili na kumi na tatu.

Ya mwisho ilikuwa ya Malimi. Ameketi kwenye kigoda kilekile, mlango uleule, wa nyumba iliyobomoka zamani. Evalina akaita safu ya namba zake. Ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mstari baada ya mstari, hadi mwisho.

Akataka kuifuta. Juu ya vitufe kulikuwa na majivu ya samadi. Alipoyagusa, yalikuwa bado ya moto.